Kwa nini sehemu ya mwisho ya tamthilia huwakasirisha watu kuliko zote zilizotangulia?

Mtazamaji wa Mbezi (mleta mada)

Wanajukwaa, habari zenu, na kwa wakubwa zangu shikamooni. Natahadharisha mapema kwamba mada hii inafichua mwisho wa tamthilia kadhaa, kwa hiyo ambaye bado yuko njiani na hataki kuharibiwa uhondo aipite tu.

Mimi ni mtu wa kuchelewa katika mambo haya. Game of Thrones, tamthilia ya Marekani ya koo zinazogombania ufalme, ambayo wenzangu waliianza mwaka 2011, nimeitazama mwaka huu, misimu yote 8 yenye jumla ya sehemu 73, kwa muda wa wiki tano, baada ya kijana mmoja wa stendi kunirushia kwenye flashi. Nilipomaliza nilimpigia simu kaka yangu mkubwa, ambaye aliifuatilia tangu mwanzo hadi ilipofikia tamati mwezi Mei 2019, nikamwambia kwa nia njema kabisa kwamba mwisho wake haukuwa mbaya kama nilivyosikia. Alinyamaza, akaniuliza kama nimeshakula, kisha akaaga. Usiku huo aliniandikia ujumbe mrefu ajabu, akinieleza jinsi alivyokuwa akiamka kila Jumatatu saa kumi alfajiri, kwa kuwa Jumapili usiku ya Marekani kwetu ni alfajiri ya Jumatatu, akatazama kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtoto, akaenda kazini macho mekundu, na yote hayo ili mwishowe aoneshwe malkia Daenerys akiuteketeza mji uliokwisha kusalimu amri, mpenzi wake Jon akimchoma kisu, na Bran akikabidhiwa ufalme kama posho ya kuhudhuria kikao. Alimalizia kwa kusema kwamba tangu siku ile hajarudia kutazama hata sehemu moja, zikiwemo zile za mwanzo ambazo alikuwa akitusimulia mezani kama mtu anayesimulia kijiji alichozaliwa.

Hapo ndipo ninapokwama. Najua kaka hayuko peke yake, kwani ombi la mtandaoni la kutaka msimu wa 8 utengenezwe upya na waandishi wenye uwezo lilipata sahihi zaidi ya milioni 1.5, na bado msimu huohuo ulipewa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwezi Septemba mwaka ule. Swali langu ni hili: hasira ya mashabiki inatokana na mwisho wenyewe, au inatokana na namna walivyousubiri? Na kama ni mwisho wenyewe, mbona mimi sikuuona ubaya huo? Naomba tusijibizane kwa kusema kwamba hayo ni maigizo tu, maana kaka yangu ni mhasibu, mtu mzima mwenye akili zake, na jambo hili limemuuma kweli.

Mzee wa Kibanda

Marahaba, kijana. Swali lako nimewahi kulisikia likiulizwa kwa hasira na watu waliolipa shilingi mia mbili kila mmoja.

Miaka hiyo nilikuwa na kibanda umiza Morogoro: mabenchi kumi na mawili, runinga ya chogo ya inchi 29, deki mbili na jenereta lililokuwa likipiga kelele kuliko filamu yenyewe. Leseni msiniulize, miaka imepita. Wateja wangu walikuwa na kanuni moja tu, nayo ni kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, kupotelewa na mchumba, lakini steringi akifa mkanda umekwisha vibaya na mwenye kibanda ndiye wa kulaumiwa. Filamu za mapigano za Hong Kong na za Kihindi zilitulea hivyo kwa muda mrefu, na ukijaribu kumshawishi mtu vinginevyo alikuona hujui filamu.

Ndipo ikaja Prison Break, tamthilia ya watu wanaotoroka gerezani. Kule Marekani ilianza Agosti 2005, na sisi tukaipata kwenye zile CD zilizobanwa, msimu mzima ndani ya diski moja, picha ikiganda kila mtu anapokimbia, na katika tamthilia ile watu hawakuacha kukimbia. Sehemu ya mwisho ya msimu wa 4, iliyoonyeshwa kwao Mei 2009, niliiweka Jumamosi jioni, kibanda kimejaa hadi watu wamesimama mlangoni. Steringi wetu Michael na mpenzi wake Sara wameshinda, wako huru, watu wanapiga makofi, mmoja ameshaanza kutafuta ndala zake. Halafu hadithi ikaruka miaka minne mbele, ndugu na marafiki wakakusanyika makaburini, na jina lililokuwa kwenye jiwe ni la Michael Scofield.

Hakuna aliyetoka. Fundi baiskeli mmoja aliyekuwa akikaa benchi la mbele kila siku alisimama, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mzee, CD ya pili iko wapi?" Nikamjibu kwamba hakuna CD ya pili. Akasema nimeificha ili niwatoze tena kesho. Nililazimika kuitoa diski kwenye deki na kuwaonyesha pande zote mbili, kana kwamba mwendelezo ungeonekana kwa macho, na jioni ile nilirudisha hela za watu wanane kwa ajili ya amani tu.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho jibu langu kwako. Yule fundi alikuwa na haki bila kujua, kwa sababu mwezi Julai mwaka huohuo ilitoka filamu iliyoitwa The Final Break, inayoonyesha jinsi Michael alivyokufa: aliutoa uhai wake ili Sara atoroke katika gereza la wanawake. Nilipoipata niliiweka, wakaingia walewale. Wapo walioficha nyuso kwenye mashati yao. Steringi alikufa vilevile, tena mbele ya macho yao, na hakuna aliyedai hela yake. Tangu hapo niliacha kuamini kwamba watazamaji hukasirishwa na kifo. Walichokataa ni kupelekwa makaburini bila kuambiwa habari za msiba.

Mwaka 2017 walimfufua, wakatengeneza msimu mwingine wa sehemu 9. Kibanda nilikuwa nimeshafunga. Fundi akanipigia simu, nami nikadhani anafurahi, kumbe analalamika: "Mzee, mimi mtu huyu nilishamzika."

Mpwa wa Pemba

Mzee, umenikumbusha nyumbani. Bibi yangu alikuwa akifunga hadithi zake kwa maneno ya wasimulizi wa zamani: hadithi ikiwa njema, wema wake ni wetu sote, ikiwa mbaya, ubaya wake ni wangu mimi niliyeitoa. Halafu sisi wajukuu tulikuwa na ruhusa ya kusema kwamba mwisho ule hatuutaki, naye akiwa hajachoka aliusimulia upya, na safari hii fisi hakumpata mbuzi. Kwa hiyo mimi lile ombi lenye sahihi zaidi ya milioni halikunishangaza hata kidogo. Wale watu walikuwa wakisema "bibi, rudia", ila bibi wa siku hizi yuko Marekani, ameshalipwa, na hasikii.

Mhariri wa Nyali

Ndugu mleta mada, mimi kazi yangu ni kuhariri tamthilia hapa Mombasa, kwa hiyo nitalitazama jambo hili nikiwa kwenye kiti cha mtu anayekata na kuunga picha. Naona wewe na kaka yako nyote wawili mmesema kweli, kwa sababu hamkutazama kitu kimoja.

Tuanze na hesabu. Misimu 6 ya mwanzo ya Game of Thrones ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, wa 7 ukawa na sehemu 7 na wa 8 ukawa na sehemu 6. Katika msimu wa kwanza, msafara wa mfalme kutoka Winterfell kwenda King's Landing ulikuwa safari kweli: njiani watu walizungumza, watoto wakagombana kando ya mto, mtoto wa mchinja nyama akauawa kwa uonevu, na kutokana na ugomvi ule mdogo chuki za familia mbili zikapata mizizi ambayo tuliifuata kwa miaka. Katika misimu ya mwisho mtu anavuka bara zima kati ya onyesho moja na jingine, na wewe uliyekuwa ukimfuatilia huambiwi hata alilala wapi. Anayetazama sehemu tatu kwa usiku mmoja hauoni mwendo huo, kwa kuwa yeye mwenyewe anakimbia. Kaka yako hakuwa akikimbia. Msimu wa 7 ulimwacha Agosti 2017 na wa 8 ukaanza Aprili 2019, karibu miezi 20 baadaye, na katika muda huo kila shabiki alikuwa ameshajitungia mwisho wake, akaufanyia marekebisho, akabishana na wenzake juu yake, mpaka ukawa mwisho mzuri kuliko wowote ambao mtu wa kuajiriwa angeweza kuuandika katika sehemu 6.

Isitoshe, vitabu vilivyozaa tamthilia ile vilikuwa havijakamilika. Kitabu cha tano kilitoka mwaka 2011, mwaka uleule tamthilia ilipoanza, na cha sita kilikuwa hakijatoka tamthilia ilipofika tamati, kwa hiyo waandishi, David Benioff na D.B. Weiss, walifika mahali ambapo walikuwa na orodha ya matukio makubwa lakini hawana tena kurasa mia tisa za kuwaonyesha watu wanavyofikia matukio hayo. Hili la Daenerys ndilo mfano ulio wazi zaidi. Watu wanasema aligeuka ghafla, na si kweli: tangu msimu wa 2, akiwa amesimama mbele ya malango ya Qarth na kundi la watu wenye njaa, aliapa kwamba majoka yake yakikua atateketeza miji. Mbegu ilikuwa imepandwa mapema kabisa. Kilichokosekana ni zile sehemu nne au tano ambazo tungemwona akipoteza mtu mmoja baada ya mwingine polepole, akikosa usingizi, akianza kuwashuku waliobaki, hadi kengele za mji zinapolia kutangaza kusalimu amri tuogope kabla yake. Tulipewa haya yote kwa haraka mno, na mtazamaji akaachwa akiuliza "kwa nini?" wakati alitakiwa kuuliza "ingeepukikaje?"

Kuna kosa la aina nyingine ambalo kwetu wahariri ni somo kubwa. How I Met Your Mother ilionyeshwa na kituo cha CBS cha Marekani tangu 2005 hadi tarehe 31 Machi 2014, misimu 9, na muda wote huo baba anawasimulia watoto wake wawili jinsi alivyokutana na mama yao. Sasa watoto hukua. Watengenezaji, wakijua kwamba baada ya miaka michache vijana wale wasingefanana tena na watoto waliokaa kwenye kochi lile, waliipiga picha mapema, karibu mwaka 2006, ile sehemu ambayo watoto wanamwambia baba yao kwamba hadithi yote hii inaonyesha anampenda Robin, rafiki yake wa siku nyingi, na kwamba kwa kuwa mama amekwisha kufariki aende akamtafute. Wakaifungia kabatini. Miaka minane ikapita, hadithi ikaenda kwingine, Robin akaposwa na mtu mwingine, karibu msimu mzima wa 9 ukatumika kwa harusi yake hiyo ya siku chache, yule mama akaingizwa na watu wakampenda kupita matarajio ya wote. Na bado kabatini kulikuwa na ile picha ya zamani inayodai haki yake. Wakavunja ndoa ya Robin kwa dakika chache, wakamzika mama kwa sentensi moja au mbili, wakamrudisha baba chini ya dirisha la Robin. Ghadhabu iliyofuata ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka huohuo DVD zilitoka na mwisho mwingine ambao mama hafi. Yaani walioandika walikuwa waaminifu kwa mpango wa miaka minane nyuma, na uaminifu huo ndio uliowaponza.

Kisha kuna miisho inayoharibiwa na ofisi. Jericho, ya CBS pia, ilisitishwa mwaka 2007 msimu wa kwanza ulipoishia vita ikitaka kuanza, na mashabiki wakatuma ofisini kwao zaidi ya tani 20 za karanga, wakichukua neno lililosemwa na mhusika katika sehemu ile. Karanga zikasikika. Walipewa sehemu 7 zaidi, na watengenezaji, kwa kutojua kama wangeendelea au la, walipiga picha miisho miwili: mmoja wa kufunga hadithi, mwingine wa kuiacha wazi. Mwaka 2008 ulionyeshwa ule wa kufunga.

Mimi hata nafasi ya miisho miwili sikuipata. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihariri tamthilia ya familia kwa ajili ya kituo kimoja ambacho sitakitaja, tukaambiwa siku ya Jumatatu kwamba mkataba haurefushwi na kwamba zimebaki sehemu tatu. Mama mkwe, ambaye alikuwa ametesa wake wa wanawe watatu kwa zaidi ya sehemu mia moja, mwigizaji wake alikuwa ameshasafiri. Tukamuua kwa simu. Simu inalia, mke wa mwana mkubwa anapokea, anaitupa, analia. Kinachofuata ni picha ya nyumba kwa nje na majina yanapanda. Wiki hiyo nilikwenda sokoni Kongowea, na mama mmoja ninayenunua kwake samaki, ambaye anaijua kazi yangu, alinifungia changu wangu bila kunitazama usoni, kisha akasema: "Haya, mwanangu. Yule mwanamke katutesa miaka miwili, na nyinyi mkamwua bila hata kutuonyesha maiti." Nilikuwa sina jibu, na bado sina. Mzee wa Kibanda, yule fundi baiskeli wako na mama huyu ni mtu mmoja.

Kinyozi wa Ujiji

Kwa heshima zote nitapingana na waliotangulia, maana naona mnakubaliana kwamba mashabiki walidhulumiwa, na mimi nasema hasira yao ni sehemu ya uhondo walioufuata.

The Sopranos, tamthilia ya Tony, mkuu wa genge la wahalifu, ilifika mwisho tarehe 10 Juni 2007. Mimi niliipata kwa kuchelewa, kwenye diski, na niliitazama hapa saluni baada ya kufunga. Tony ameketi katika mgahawa wa kawaida huko New Jersey akiwasubiri mkewe na watoto. Kila mlango unapofunguliwa kengele inalia naye anainua macho. Mwanamume mmoja asiyejulikana anapita kwenda msalani. Nje, binti anahangaika kuegesha gari, anarudi nyuma, anajaribu tena, na wewe unatamani kumsaidia usukani. Anafanikiwa, anakimbilia mlangoni, kengele inalia, Tony anainua macho, na picha inakatika. Giza na kimya kwa sekunde kama kumi. Marekani watu walidhani matangazo yao yamekatika. Mimi nilidhani umeme wa LUKU umekwisha, nikatazama feni, inazunguka. Asubuhi nilimrudishia muuza diski, akanipa nyingine, ikakatikia palepale. Niliporudi mara ya tatu alicheka mpaka akakaa chini.

Nilikasirika kwa karibu wiki nzima. Kisha nikaanza kumwuliza kila mteja anayeijua: je, Tony aliuawa? Nimebishana na walimu, na mabaharia wa ziwani, na padri mmoja ambaye hoja zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. David Chase, mtunzi wake, alikiri mwaka 2021 kwamba hapo awali alikuwa na wazo la kumpeleka Tony kwenye mkutano ambako angeuawa, na wengi wakaona hilo limemaliza ubishi. Saluni kwangu halijamaliza chochote. Mwaka 2024 mgahawa ule uliuza meza na viti alivyokalia Tony kwa mnada, na mtu alitoa dola 82,600. Hiyo ni bei ya kitu ambacho watu hawajakisamehe wala kukisahau. Nani leo analipa senti kwa ajili ya telenovela ambayo wote walioana na mbaya wao akaenda jela?

Kuhusu lile ombi la mtandaoni, dada yangu wa Pemba atanisamehe. Bibi alikuwa akikusimulia wewe na ndugu zako. Mwandishi wa tamthilia si fundi cherehani, kwamba umpelekee kitambaa na vipimo vyako. Na tusisahau kwamba haohao walioapa mwaka 2019 hawatarudi tena, Agosti 2022 ilipoanza House of the Dragon, tamthilia iliyozaliwa na Game of Thrones, walijitokeza karibu milioni 10 kwa usiku mmoja, na kituo chake cha HBO kikasema hakijawahi kuzindua tamthilia yake kwa watazamaji wengi kama hao.

Mtazamaji wa Mbezi (mleta mada)

Nawashukuru sana. Nimemsomea kaka majibu yote kwa simu, na alipofika kwa Mhariri akaniomba nirudie ule mstari wa sehemu nne au tano zilizokosekana. Ameongeza jambo moja dogo: ile sehemu ya tatu ya msimu wa 8, ya vita vya usiku, yeye aliitazama akiwa amezima taa kwa ajili ya mtoto na amepunguza mwanga wa runinga, asione chochote isipokuwa mienge, na baadaye mpiga picha mkuu akasema kwamba tatizo ni watu kutorekebisha runinga zao. Naona kidonda hicho ni cha peke yake kabisa, hakihusiani na Bran wala Daenerys.

Kwa Kinyozi, kaka anasema milioni 10 hao yeye alikuwamo, na haoni aibu, kwa sababu mtu anaweza kurudi kwa mwenye hoteli aliyewahi kumpa wali mbichi, ila safari hii anakaa karibu na mlango.

Nimebakiwa na swali moja. Kama Mzee yuko sahihi kwamba kifo si tatizo, na Kinyozi yuko sahihi kwamba mwisho unaoridhisha husahaulika, je, upo mwisho wa huzuni ambao watu waliupokea kwa mikono miwili na bado wanaukumbuka?

Mhariri wa Nyali

Upo. Breaking Bad, tarehe 29 Septemba 2013. Steringi anakufa sakafuni, peke yake, katikati ya mitambo ya dawa za kulevya aliyoipenda kuliko familia yake, na sijasikia mtu aliyedai hela. Sababu ya kazi ni rahisi kueleza: kituo cha AMC kilikubaliana nao mwaka 2011 kwamba zimebaki sehemu 16, wakazigawa mara mbili, nane mwaka 2012 na nane mwaka 2013, kwa hiyo mtunzi wake Vince Gilligan na wenzake waliandika wakijua ukubwa wa kitambaa. Tena tangu sehemu ya kwanza mwaka 2008 tuliambiwa mtu huyu ana saratani. Tulikuwa msibani tangu siku ya kwanza, tukisubiri maiti tu. Sehemu ile ya kwanza ilitazamwa na watu kama milioni 1.4, na ya mwisho na zaidi ya milioni 10.

Kinyozi atasema hakuna anayebishana juu yake. Ni kweli, lakini watu wanairudia kuitazama, na kaka yako Game of Thrones hairudii.

Kinyozi wa Ujiji

Hapo umenishika. Hata mimi The Sopranos nimeirudia mara mbili tu, na mara zote mbili nimesimama kabla ya binti kuegesha gari.

Mgeni wa Kasulu

Samahani wakubwa, shikamooni. Mimi ndiyo kwanza namalizia msimu wa 4 wa Prison Break na nimeshasoma kila kitu humu, kwa hiyo uhondo wa kuharibiwa sina tena. Naomba kuuliza, hiyo The Final Break inatazamwa kabla ya sehemu ya mwisho au baada yake?

Mzee wa Kibanda

Marahaba, mwanangu. Weka sehemu ya mwisho, utazame mpaka Michael na Sara wawe huru. Hadithi ikitaka kuruka miaka minne, simamisha hapohapo. Itoe, weka The Final Break yote, kisha urudi umalizie zile dakika za makaburini. Ningelijua hilo mwaka 2009, wale wanane wasingeondoka na hela zangu.